Prado TX, TX-L au TZ-G: mwongozo kamili wa kuchagua daraja kabla hujalipa

Ingia yadi yoyote kubwa ya magari Dar es Salaam utakuta Prado mbili nyeupe zimeegeshwa ubavu kwa ubavu. Mwaka mmoja, kilomita zinakaribiana, lakini bei zinapishana kwa mamilioni ya shilingi. Ukiuliza sababu utaambiwa hii ni TX na ile ni TZ-G, "ile imekamilika, kaka", na maelezo yanaishia hapo. Imekamilika kwa kitu gani? Na hicho kitu kitakufaa nini wewe mwenye watoto watatu, foleni kila asubuhi na safari ya kijijini kila Desemba?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: daraja ni swali la nne. La kwanza ni viti, la pili injini, la tatu umri wa gari mbele ya kodi. Anayeanza na herufi zilizobandikwa mlango wa nyuma huishia kulipia vifaa ambavyo hatavitumia na ambavyo fundi wake hajawahi kuvifungua.

Hatua ya 1: Jua gari lenyewe na majina yake

Nazungumzia Land Cruiser Prado ya mfululizo wa 150, iliyoanza kuuzwa Japani Septemba 2009 na kuendelea mpaka mrithi wake, 250, alipoingia sokoni huko mwaka 2024. Hii ndiyo Prado ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunaiagiza ikiwa imeshatumika.

Kwa soko la Japani shika madaraja matatu: TX, TX yenye kifurushi cha L ambayo mtaani tunaiita TX-L, na TZ-G iliyo juu kabisa. Ukiagiza kutoka Uingereza, jina Prado hulikuti. Kule ni Land Cruiser tu, na madaraja yake ni majina kama Active, Icon na Invincible. Australia wana GX, GXL, VX na Kakadu. Ghuba utakutana na GXR na VXR, ila hizo zina usukani wa kushoto, kwa hiyo kwa Mkenya mjadala umeisha. Usijaribu kulinganisha herufi za nchi moja na za nchi nyingine. VX ya Australia si TZ-G ya Japani hata kama zote zina ngozi ndani.

Miaka nayo ina uzito kuliko herufi. Sura ya kwanza ilikwenda hadi 2013 ikiwa na petroli ya lita 2.7 yenye gia nne, au V6 ya lita 4.0 yenye gia tano. Septemba 2013 uso ulibadilishwa. Juni 2015 ikaja dizeli ya lita 2.8, ile V6 ikaondolewa katika soko la Japani, na petroli ya 2.7 ikapewa gia sita. Septemba 2017 uso ulibadilika tena na mifumo ya usalama ya Toyota Safety Sense ikawekwa kwenye madaraja yote. Agosti 2020 dizeli iliongezewa nguvu kutoka farasi 177 hadi 204.

Irudie sentensi ya 2017: madaraja yote. Breki zinazojikamata zenyewe gari likikaribia kugonga, onyo la kutoka kwenye mstari, na mwendo unaojipima kwa gari lililo mbele vimo hata kwenye TX ya kawaida. Kwa hiyo muuzaji akikusukuma kwenye TZ-G ya 2018 kwa hoja ya usalama wa watoto, mwambie mifumo hiyo imo pia kwenye TX ya mwaka huohuo.

Hatua ya 2: Hesabu watu, halafu hesabu mizigo

TX na TX-L zilitengenezwa za watu watano na za watu saba. TZ-G ni ya watu saba tu. Ukiwa na familia ya watu wanne na huna desturi ya kubeba shangazi na binamu, ya watu watano ina buti kubwa na haina mashine za viti vya nyuma za kuharibika. Lakini Afrika Mashariki watu wachache hubaki wanne kwa muda mrefu, na siku ya kuuza utaona wateja wanaulizia saba.

Safu ya tatu ni ya watoto na watu wafupi. Mtu mzima atakaa humo kutoka Mbezi hadi Posta, si kutoka Dar hadi Moshi. Tena ukiinua viti vile buti linabaki na nafasi ya mabegi machache tu yaliyosimamishwa wima, kwa hiyo safari ya Krismasi ya watu saba inahitaji keria ya juu. Lipange hilo kwenye bajeti.

Ukienda kuliangalia gari, usikae kiti cha dereva kwanza. Nenda kaketi safu ya tatu, washa kiyoyozi, na utafute hewa inatokea wapi. Baadhi ya magari yana kiyoyozi cha nyuma chenye swichi zake, mengine hayana. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Dar, tofauti hiyo ina thamani kuliko dari la kioo. Halafu kunja viti na uvirudishe: kwenye TX hukunjwa kwa mkono, kwenye TZ-G hushuka kwa umeme, taratibu, na mota yake ikifa utajuta kwa nini hukununua za mkono.

Jambo moja nalipinga kabisa: kununua ya watu watano kwa bei nafuu kisha kumpa fundi aongeze safu ya tatu. Mikanda na vishikizo vyake ni kazi ya kiwandani. Hapo ndipo utakapomkalisha mtoto.

Hatua ya 3: Chagua injini kwa njia unazopita

Petroli ya 2.7 ina farasi 163 na inavuta gari la zaidi ya tani mbili. Usitarajie maajabu. Kwenye mlima wa Sekenke au Kitonga ukiwa umejaza watu, utashusha gia, injini italia, na lori tupu litakupita. Lakini ni injini ambayo fundi wa mkoani anaijua kwa sababu inafanana na ya Hilux na Hiace, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na haina mitambo ya kusafisha moshi inayohitaji matunzo ya pekee. Kwa vipimo vya Japani vya WLTC inakwenda kilomita 8 na ushei kwa lita. Kwenye foleni ya Mwenge ondoa hapo kadiri unavyoijua foleni yenyewe.

V6 ya lita 4.0 ni tamu kuiendesha, farasi 276, na inakunywa. Hizo ni za 2015 kurudi nyuma, kwa hiyo leo ni suala la wale wanaonunua gari lililoshasajiliwa hapa.

Dizeli ya 2.8, yenye jina 1GD, ndiyo inayotakiwa na wengi. Kilomita 11 na ushei kwa lita kwa kipimo kilekile, tangi la lita 87, na nguvu ya kuvuta ya Nm 450 (500 kuanzia Agosti 2020). Barabara kuu haina mpinzani. Tatizo liko kwenye bomba la moshi. Injini hii ina kichujio cha masizi, DPF, kinachojisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto kali, na joto hilo hupatikana vizuri gari likikimbia kwa muda. Gari la kupeleka watoto shule kilomita nne na kurudi halipati nafasi hiyo. Kichujio kinajaa, taa inawaka, gari linakosa nguvu. Australia jambo hili lilifika mahakamani: mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba mfumo wa DPF kwenye Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 ulikuwa na kasoro.

Zaidi ya hapo, dizeli za soko la Japani hutumia AdBlue, maji ya urea yanayowekwa kwenye tangi lake lenye kifuniko cha bluu. Yakiisha na ukazima injini, haiwaki tena mpaka uongeze. Kabla ya kuagiza, ulizia yanapouzwa mahali unapoishi, si Dar tu. Na ujue kwamba magari mengi ya aina hii yaliyokwisha kutumika hapa yameshafunguliwa mfumo huo: kichujio kimetobolewa, kompyuta imedanganywa. Linakwenda, ndiyo, lakini umenunua kazi ya fundi usiyemjua. Uliza waziwazi, kisha lipime kwa kompyuta.

Kanuni yangu: kama zaidi ya nusu ya kilomita zako ni za barabara kuu, chukua dizeli. Kama ni za mjini, vumilia uvivu wa 2.7.

Uchaguzi huu unafunga baadhi ya milango ya madaraja. TZ-G ya mfululizo huu ilitoka na V6, na baadaye na dizeli. Ukiona Prado 150 ya 2.7 ina nembo ya TZ-G, nembo hiyo imenunuliwa dukani.

Hatua ya 4: Sasa linganisha madaraja

TX si gari la kimaskini. Ina fowili ya muda wote yenye kufuli ya difu ya katikati, gia ya L4 kwa tope na milima, mifuko ya hewa ya usalama, vioo vya umeme, na rimu za inchi 17. Viti ni vya kitambaa. Redio mara nyingi ni mradi wa aliyekuwa mmiliki, kwani Japani Prado nyingi ziliuzwa bila redio na kila mtu akafunga aliyoipenda. Ndiyo maana TX mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na dashibodi zisizofanana.

TX-L inaongeza kile ambacho familia inakigusa kila siku: viti vya ngozi, viti vya mbele vya umeme, na vipasha joto vya viti. Hicho cha mwisho mtu wa Dar atakibonyeza kwa bahati mbaya tu, ila mtu wa Njombe au Makete atakishukuru mwezi wa saba. Kuanzia sura ya Septemba 2017 viti vya mbele vinapuliza pia hewa, na hilo ndilo linaloifanya ngozi ivumilike mchana wa pwani. Ngozi inafutika kwa kitambaa chenye maji. Juisi ya ukwaju iliyomwagika kwenye kiti cha TX utaishi nayo.

Kati ya TX na TX-L, vyuma vya chini havina tofauti kubwa: springi za kawaida, shokapu za kawaida, fowili ileile. Ndiyo sababu naiona TX-L kuwa daraja la familia nyingi. Starehe inaongezeka, gereji inabaki ileile.

TZ-G ni gari lingine chini ya bodi moja. Sehemu kubwa ya pesa unayoongeza imekwenda mahali usipopaona, kwa hiyo tupaangalie.

Nyuma, badala ya springi za chuma kuna puto za hewa zinazojazwa na kompresa. Gari likipakiwa watu na mizigo linajinyanyua lenyewe, na pembeni ya gia kuna swichi ya kulipandisha au kulishusha. Mfumo huu ukiwa mzima, watu wa safu ya pili hawatasikia matuta. Lakini puto ni mpira, na mpira wa gari lililokaa juani miaka kumi hupasuka mikunjo. Kompresa inafanya kazi mara mbili kufidia uvujaji, kisha nayo inakufa. Wengi huku huishia kutoa mfumo mzima na kuweka springi za TX. Ukifika hapo, umelipa bei ya TZ-G ukapata TX yenye taa inayowaka kwenye dashibodi.

Kuna pia KDSS. Gari la kawaida lina ufito wa chuma mbele na nyuma unaolizuia lisilale kwenye kona. Ufito huohuo hukaza magurudumu yasicheze vizuri kwenye mashimo. KDSS imeziunganisha fito hizo kwa silinda na mabomba ya mafuta, hivyo kwenye lami zinakaza na kwenye makorongo zinalegea zenyewe. Ni ubunifu mzuri kwelikweli, na anayekwenda Ngorongoro au Katavi ataujua utamu wake. Ikizeeka, dalili yake ni gari kuinamia upande mmoja. Kibaya zaidi ni fundi asiyeujua mfumo: kuna vali za kufungua kabla ya kugusa fito zile, na asiyezifungua anaanza kupigana na gari.

Ongeza kichagua njia cha Multi-terrain Select, na Crawl Control inayolitembeza gari polepole kwenye mawe bila wewe kukanyaga mafuta. Kuanzia 2017, rimu ni za inchi 19.

Rimu hizo zinastahili hesabu kidogo. Tairi ya TX ni 265/65R17, kwa hiyo ukuta wake wa pembeni una milimita 172. Ya inchi 18, 265/60R18, ina 159. Ya TZ-G, 265/55R19, ina 146. Kipenyo cha nje karibu ni kilekile. Kilichopungua ni mpira kati ya shimo na rimu yako. Kwa barabara ya changarawe inchi 17 inashinda, na tairi zake zinapatikana hadi mikoani. TX-L utaikuta na 17 au 18.

TZ-G naikubali kwa mtu mmoja tu: anayenunua changa, mwenye fundi aliyewahi kuzifungua, na mwenye kwenda porini kweli. TZ-G ya miaka kumi kwa bei ya TX-L ya miaka saba ni biashara ambayo muuzaji ndiye anafurahi.

Hatua ya 5: Weka umri mbele ya kodi

Tanzania, tuseme TRA imelithamini gari, pamoja na nauli ya meli na bima, kwa 100. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unafikisha 125. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10, yaani 12.5. VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo inakufikisha 162.25, kabla ya tozo ndogo ndogo na usajili. Sasa lizeeshe gari. Likiwa na miaka 8 hadi 10 unaongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na jumla inakuwa 184 na ushei. Likizidi miaka 10, ushuru huo ni asilimia 30 na unafika 206.5.

Maana yake ni kwamba kuvuka mstari wa miaka minane kunaweza kula pesa yote uliyodhani utaiokoa kwa kuchukua daraja la juu lililozeeka. Tumia kikokotoo kilicho kwenye tovuti ya TRA kwa kila gari unalolifikiria, si kwa moja tu, na urudie kila Julai bajeti mpya ikianza.

Kenya mlango wa umri umefungwa kabisa kwa miaka minane; kwa mwaka 2026 hiyo ni 2019 kuja mbele. Huko injini nayo ina neno: ushuru wa bidhaa kwa dizeli inayozidi cc 2,500 ni asilimia 35, wakati petroli ya 2.7, kwa kuwa haifiki cc 3,000, inakatwa 25. Kwa Mkenya, basi, 2.8 dhidi ya 2.7 ni swali la kodi pia.

Hatua ya 6: Soma karatasi, usisome nembo

Ukiagiza kupitia mnada wa Japani, dai karatasi ya ukaguzi wa mnada yenyewe, si picha za gari tu. Katika kisanduku cha daraja utaona TX, TX L au TZ-G imeandikwa. Sehemu ya vifaa ina alama fupi zinazozungushiwa duara: AW ni rimu za aloi, SR ni dari la kioo, na herufi 革 ni ngozi. Kama tangazo la muuzaji linasema TX-L na 革 haijazungushiwa, simamisha malipo uulize.

Usichanganye daraja la gari na alama ya mnada. Alama kama 4.5, 4 au 3.5 inapima hali ya gari, na herufi A, B, C inayofuata inapima usafi wa ndani. R au RA maana yake limewahi kufanyiwa matengenezo ya ajali. TX yenye 4.5 naichukua mbele ya TZ-G yenye R bila kufikiri mara mbili.

Kisha namba ya chesisi. Dizeli inayoanza na GDJ150 ni TX au TX-L. GDJ151 ni TZ-G. Kwa V6 ni vivyo hivyo, GRJ150 na GRJ151. Petroli ya 2.7 ni TRJ150. Tarakimu moja tu, na haibandikwi kwa gundi.

Chesisi haitakutenganishia TX na TX-L. Hapo nenda kwenye sahani ndogo ya chuma ya kiwandani, tafuta mstari ulioandikwa C/TR. Namba ya kwanza ni rangi ya bodi: 070 ni nyeupe ya lulu, 202 ni nyeusi. Inayofuata ni ya viti. Ikianza na L, gari lilitoka kiwandani na ngozi. Ikianza na F, lilitoka na kitambaa, na hiyo ngozi unayoipapasa imeshonwa baadaye, pengine si mbali na hapo yadi. Piga picha ya sahani hiyo. Kwa gari lililo Japani bado, mwambie muuzaji akutumie. Asiyetaka kutuma picha moja ya sahani amekujibu tayari.

Hatua ya 7: Kwenye yadi

Kwa magari yaliyokwisha kufika, hatari kubwa ni sura iliyobadilishwa. Taa, bampa na shoo ya 2018 hufungwa kwenye Prado ya 2010 na kwa mbali huwezi kujua. Ingia ndani uangalie dashibodi na usukani kama ni vya mwaka unaoambiwa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho: chini kabisa kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Mikanda watu hawakumbuki kuibadilisha.

Tafuta kamera nyuma ya kioo cha mbele kwa gari la Septemba 2017 kuja mbele. Kama kioo kimewahi kubadilishwa, kamera inatakiwa ipangwe upya kwa kompyuta, la sivyo breki za kujikamata zinaweza kuona mambo yasiyokuwepo, au zisione yaliyopo.

Kwa TZ-G fika na futi ya kupimia. Egesha mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Kupishana kwa sentimita kadhaa ni ishara ya KDSS au puto. Bonyeza swichi ya kupandisha. Unapaswa kusikia kompresa na kuona nyuma inanyanyuka. Kisha omba urudi kesho yake asubuhi gari likiwa halijawashwa. Kama nyuma imekaa chini, puto zinavuja, na majadiliano ya bei yaanzie hapo.

Redio itakuchekesha. Redio nyingi za Kijapani zinaanzia 76 na kuishia 90 au 95, wakati stesheni zetu zinaanzia 87.5 hadi 108, hivyo utasikia chache tu. Betri ikikatwa, baadhi zinadai kadi ya ramani ya Kijapani ndipo ziwake. Usilipie "mfumo wa kisasa wa ramani" ambao unaijua Osaka na haujui Kariakoo.

Na vioo vya pembeni: vya TZ-G mara nyingi vina kamera na taa za kuonya kuna gari ubavuni, na wezi wa vioo wanalijua hilo kuliko mafundi. Chonga namba ya usajili kwenye vioo na taa wiki ileile ya kulichukua gari, na hakikisha bima kubwa uliyokata inataja vifaa hivyo.

Kama mkoba unafika kwenye 250

Japani ilianza kuiuza 250 tarehe 18 Aprili 2024 ikiwa na herufi mpya: GX, VX na ZX. Bei za kuanzia huko zilikuwa yeni milioni 5.2 kwa GX, 5.45 kwa VX ya petroli, 6.3 kwa VX ya dizeli, na 7.35 kwa ZX. Petroli ya 2.7 imebaki, ila kwenye VX peke yake. Dizeli ya farasi 204 imepata gia nane. KDSS imeondoka. Badala yake ZX ina kitufe kinacholegeza ufito wa mbele kwa umeme, jambo ambalo kimaumbile ni rahisi zaidi kuliko yale mabomba ya mafuta. ZX pia imevaa rimu za inchi 20, kwa hiyo hesabu ya ukuta wa tairi inarudi palepale.

Mtego wa hapa ni GX. Inavutia kwa bei na inakuja na dizeli, lakini ni ya watu watano tu. Mwenye familia ya watu sita anaanzia VX, hata kama tangazo limeandika Land Cruiser 250 kwa herufi kubwa na bei nzuri.